Kilwa: magofu ya wageni, ufuta wa wenyeji

Basi la Kilwa Masoko nililipandia Mbagala. Hata Mto Rufiji tulikuwa hatujaufikia, abiria wa nyuma yangu ameshawapa wenzake habari zote za mnada wa ufuta. Magofu ya mji wa kale wa Kilwa hakuna aliyeyataja. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyafuata.

Wazee wa njia hii wanakikumbuka kivuko cha Ndundu. Mto ukifura, watu walilala pale na mizigo yao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kusini ikawa jirani. Ila njia bado ni ile ile moja. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na mtu wa Mtwara aliyekuwa na haraka ya Dar es Salaam ikabidi azungukie Songea.

Somanga tulisimama watu wanunue samaki. Bomba la gesi ya Songosongo linatoka baharini maeneo hayo na kuelekea Dar. Gesi yenyewe iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Mama aliyeniuzia kibua alikuwa anakaangia kuni.

Kati ya Somanga na Nangurukuru dereva akafunga breki kupisha ng'ombe, kundi ambalo halikuwa na dalili ya kuisha. Jirani yangu, kijana wa Kimatumbi, akasonya. Wafugaji wengi walifika huku baada ya kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, na tangu hapo kesi za mifugo kuingia mashambani hazikauki. Lakini si ng'ombe tu walioongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Lindi na watu 864,652. Ya 2022 ikakuta 1,194,028. Mkoa tuliozoea kusikia kwamba vijana wake wanaukimbia, leo una wanaouhamia. Wanafuata ardhi, malisho na ufuta, kwa kadiri nilivyoona mimi. Kazi za hoteli sikumsikia mtu akizitaja.

Nangurukuru nikashuka makusudi. Ni njia panda tu, ila msimu wa ufuta panachangamka kuliko makao makuu ya wilaya. Kwenye ghala la ushirika, karani alichoma gunia kwa bambo, akamimina punje kiganjani, akazipuliza. Mchanga ulibaki. Mwenye gunia, mzee wa kanzu iliyofubaa, aliangalia kile kiganja kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Akaambiwa akapepete upya.

"Shikamoo mzee. Si bora ungemuuzia wa kangomba, yule anayenunua kwa siri nje ya ushirika, akuondolee usumbufu?"

"Marahaba mwanangu. Wa kangomba ananipa hela leo, ila kipimo anakuja nacho yeye."

Stakabadhi ghalani, yaani mfumo huu wa kukabidhi mazao ghalani yauzwe kwa mnada, ina kero zake, na malipo kuchelewa ndiyo kero niliyoisikia zaidi, lakini angalau bei inasomwa mnadani watu wote wakisikia. Ukitaka kujua bati jipya la nyumba za kando ya barabara limetoka wapi, anza kuuliza hapo ghalani.

Kesho yake nikavuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu. Kibali unakata Masoko, unapewa mwongozaji, halafu boti. Bahari ikiwa shwari ni mwendo mfupi tu. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akausifia mji, na ukisimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu humwoni kama alitia chumvi. Kasri la Husuni Kubwa ndilo lililonishika zaidi: kuta za mawe ya matumbawe juu ya gema, na birika la kuogea lenye pembe nane likiitazama bahari. UNESCO iliyaorodhesha magofu haya pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayaondoa humo mwaka 2014.

Wageni wapo. Meli kubwa za watalii hutia nanga, watu wanashushwa kwa boti ndogo, wanapiga picha, wanarudi kula na kulala melini. Nahodha wangu hakuwa na kinyongo nao. "Wanalipa kiingilio, kaka, serikali inapata. Sisi tunawapungia mkono." Kijijini Kisiwani, hatua chache kutoka kwenye magofu, nilitafuta mahali pa kunywa chai nisipaone. Hilo la chai halingoji mradi wa mabilioni.

Mabilioni yako ng'ambo, Masoko, kwenye bandari ya uvuvi ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Wavuvi niliozungumza nao hawakuongelea gati sana. Walichokuwa wanakitaja ni barafu. Samaki wasipooza, wanasema, mchuuzi wa Dar hawezi kuwatisha kwa jua.

Ukienda, usifanye kama watu wa meli. Lala Masoko siku mbili, siku ya pili utafute boti ya Songo Mnara, na kabla ya kulipa muulize nahodha kuhusu maji kupwa, maana ukichelewa utashuka kwenye tope na kutembea.