Nimerudi Bongo, na kitu nnachomiss London ni konda wa basi la ruti 159

Tangu nirudi Dar kila shangazi na kila binamu ananiuliza swali lilelile, eti mamtoni umemiss nini, wanategemea nitasema hela, au theluji, au kwenda kuicheki Arsenal laivu. Nikijibu basi wanacheka. Sio basi lolote jamani, nasemea yale mekundu ya ghorofa ya zamani, yenye pua mbele na nyuma pako wazi hamna mlango, Routemaster. Wengi mnayajua kwenye vikombe na fulana za watalii. Mi niliyakuta bado yapo kazini miaka yake ya mwisho mwisho, nikayapanda kwenda kibaruani na kurudi, na nlikuwepo yanatolewa barabarani moja baada ya jingine. Sasa nimerudi huku nakuta mambo yaleyale yanaanza, ndo maana naandika.

Tuanze na gari lenyewe maana lilikuwa chuma kwelikweli. London Transport, shirika la usafiri la jiji, walilibuni pamoja na kiwanda cha AEC, la kwanza la mfano likaonyeshwa 1954, likaanza kubeba abiria 1956, afu kutengenezwa kwa wingi ikawa kuanzia 1958 mpaka 1968, yote kwa pamoja 2,876. Bodi ni aluminiamu, ujuzi walioupata wakati wa vita walipokuwa wanaunda ndege za mabomu, na halina chesisi ile ya kawaida, bodi ndo inajibeba yenyewe, kwahiyo jepesi. Usukani wa pawa, gia otomatiki, mbele springi za koili, hayo yote miaka ya hamsini wakati mabasi mengine dereva anapigana na usukani utadhani anavua papa. AEC wenyewe walifunga kiwanda 1979 ila mabasi yakaendelea tu, miaka ya tisini yakafungwa injini mpya, Cummins na Iveco, yakapakwa rangi upya, yakarudi kazini.

Lakini mi sikuwa mtu wa injini. Kilichonishika ni konda.

Nlikuwa nakaa kule kusini mwa London, Streatham, na basi la ruti 159 lilikuwa linatokea huko linapita Brixton, Kennington, daraja la Westminster, linakatiza katikati ya mji mpaka Marble Arch. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, asili yake Barbados. Kama hamjui, London Transport walikuwa wanaenda kuajiri watu hukohuko Barbados tangu 1956, kwahiyo familia nzima nzima zimeishi kwa kazi ya mabasi. Huyu mama alikuwa anasimama kwenye kakona kake chini ya ngazi, pale nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye ile nguzo nyeupe. Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali mzee kafika kituoni na mfuko wa soko, anahema, basi lishaanza kujivuta. Mama kavuta kamba mara moja, ting, basi likasimama, akashuka chini mwenyewe, akamshika mzee kiwiko, akamkalisha siti ya karibu, mfuko akausukumia chini ya ngazi, afu akavuta mara mbili, ting ting, tukaondoka. Yote hayo dereva hajageuza shingo. Na hawezi hata akitaka, kwasababu kafungiwa peke yake mbele kwenye kijumba chake pembeni ya injini, haongei na abiria, hapokei nauli, yeye anasikiliza kengele tu. Moja simama, mbili twende, tatu gari imejaa usichukue mtu. Konda wetu wa Bongo anapiga bodi kwa kiganja, yule anavuta kamba, lugha ni ileile.

Na kwasababu dereva hakatishi tiketi basi halikai kituoni. Watu wanaingia, linaondoka, konda anawafuata ndani na juu na kimashine chake. Foleni ikiwabana Oxford Street unashuka tu popote kwa hiari yako, hamna wa kukufungulia mlango maana mlango wenyewe haupo. Kuna waliokuwa wanadondoka pia, tusidanganyane, watu wameumia na wengine wamekufa kwa kurukia ndani au kuruka nje, hilo nalo lilikuwa moja ya mashtaka dhidi ya haya mabasi.

Sasa kuondolewa. Meya alikuwa Ken Livingstone, kachaguliwa 2000, na mwanzoni alikuwa upande wa haya mabasi kabisa, mpaka mengine yakanunuliwa tena kutoka kwa watu na kukarabatiwa. Ghafla upepo ukageuka. Agosti 2003 ikaanza ruti 15, ikaja 11, 73 ikaenda Septemba 2004, 38 Oktoba 2005, kila baada ya muda mfupi unasikia nyingine imeaga. Ruti kadhaa, kama hiyo 73 na 38, zikapewa yale marefu ya kujikunja katikati. Siku ya kwanza kuliona nilicheka peke yangu barabarani, nikasema jamani haya si Ikarus za UDA haya, yale ya kujikunja ya shirika letu la mabasi Dar, sisi tulishayapanda toka zamani nyie ndo mnaletewa leo! Milango mitatu, dereva haoni nani kalipa nani hajalipa, vijana wakawa wanayaita basi la bure. Hayakumaliza hata miaka kumi, Boris Johnson alipoingia umeya akayafukuza, la mwisho likaondoka Desemba 2011.

Hapa sasa kuna kitu watu wa London walikichanganya na nataka nikitenganishe. Sababu kubwa waliyoitoa ni walemavu, na ni sababu ya kweli. Jirani yangu pale alikuwa anatumia kiti cha magurudumu, Routemaster zilikuwa zinapita mbele ya mlango wake kutwa nzima na hajawahi kupanda hata moja, kwasababu ukishaweka ngazi na nguzo pale nyuma ushamwambia yeye hahusiki. Sheria ya 1995 ya kuzuia ubaguzi kwa walemavu ikasema basta, na mabasi ya ghorofa yakapewa mpaka Januari 2017 yawe yanaingilika na kila mtu. Kwenye hilo sina ubishi, nostalgia yangu mimi haiwezi kuwa na thamani kuliko jirani kwenda kliniki. Lakini hiyo sheria ilisema wapi mtoe konda? Hakuna. Konda aliondoka kwasababu ya mshahara wake, gari la watu wawili ni gharama kuliko la mtu mmoja, basi, na kwakuwa kadi ya Oyster ya kulipia nauli ilishaingia 2003 wakaona kazi yake imeisha. Wakavifunga vitu viwili kwenye kifurushi kimoja, ukilalamika kuhusu konda unaonekana unawachukia walemavu. Wakati mtu wa kiti cha magurudumu ndo angemuhitaji konda kuliko mimi mwenye miguu yangu miwili!

Na walijua, maana 2012 wakaleta Routemaster mpya, na nyuma pakawa wazi tena, na mtu wa pili anasimama pale ila hauzi tiketi, kazi yake kuangalia watu wanapanda salama. Kufika 2016 hao watu wa pili nao wakatolewa, gharama tena, mlango wa nyuma ukawa unafungwa.

Siku ya mwisho ya Routemaster za zamani ilikuwa Ijumaa, 9 Desemba 2005, na ruti ya mwisho kabisa ilikuwa hiyohiyo 159 yetu. Nlikuwa pale Brixton karibu na gereji. Aisee watu! Wazee wenye kamera shingoni, wamama na watoto wao, makonda wastaafu wamevaa sare zao za zamani, barabara imejaa mpaka basi lenyewe, namba yake RM2217, linatambaa, yani mtu anatembea kwa miguu analipita. Watu wanaligusa ubavuni linavyopita, wengine wanalia kabisa, Waingereza hao ambao msibani hulioni chozi. Yule mama wa Barbados sikumuona, alishaacha kazi kabla. Kesho yake 159 ikaja na mabasi ya ghorofa ya kisasa, safi, sakafu ya chini, mlango unafunguka wenyewe, hamna wa kukusalimia. Routemaster chache wakaziweka ruti 9 na 15 kwa ajili ya utalii, ya 9 ikafa 2014, ya 15 mara ya mwisho kutembea ni 2019.

Nafika Dar sasa. Mwendokasi nimeikuta, mi naondoka haikuwepo, imeanza 2016. Kimara mpaka Kivukoni kwenye njia yake yenyewe, na kituo kimeinuliwa kikalingana na sakafu ya basi, mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa, na London ilichukua miaka mingapi kufika hapo. Nimepanda, nimeshuka, sijaongea na mtu. Na kwenye hiyo njia ya Morogoro Road daladala zilizokuwa zinapita zilihamishwa, na makonda wake nao.

Sitaki kumpamba konda wa Bongo. Anatukana, anawakimbia wanafunzi kituoni kwasababu ya nauli yao ndogo, anakwambia kaa wakati anaona siti haipo. Ila juzi kwenye daladala ya Mbagala bibi mmoja hajui hata jina la kituo, anasema tu mwanangu nishushe pale kwa mwenye cherehani ukipita msikiti, na konda kamuelewa, kamshusha palepale, kamtolea na kindoo chake dirishani. Hilo kadi ya nauli haiwezi kulifanya.

Binamu yangu ni konda, anapiga Gongo la Mboto. Nikamuonyesha video ya 159 siku ile ya mwisho, akaangalia mpaka ikaisha. Swali lake la kwanza: huyo hesabu ya bosi kwa siku ilikuwa shingapi? Nikamwambia hakuna hesabu, ni mshahara, na sare, na chama cha wafanyakazi, na pensheni. Akanyamaza kidogo. Akauliza sasa walivyowatoa walienda wapi? Nikamwambia wengine walilipwa chao wakapumzika, wengine wakasomea udereva wakabaki kwenye mabasi hayohayo.

"Mi hata wakinitoa hawana haja ya kuniandikia barua," akasema, "maana ya kuniajiri yenyewe sijawahi kuiona." Afu akaniuliza kama namjua mtu wa chuo cha udereva, anataka leseni ya daraja C, ya kuendesha basi, na kama naweza kumkopesha nusu ya ada.

Nimemwambia tuonane Jumamosi.