Sakafu ya euro 640

Barua imefika Jumanne, ukurasa mmoja na nusu, na ile euro 640 wameikoleza wino ili nisiikose. Ni mikwaruzo ya sakafu. Dada wa kampuni inayosimamia jengo letu alikuja kukagua kabla sijahama, akapiga magoti sebuleni na tochi ya simu. Mimi nikamwekea chai nikidhani ameangusha hereni. Kumbe ananiandikia deni. Kwa hela hiyo Tanga unamwita fundi anang'oa mbao zote anaweka marumaru, na chenji ya kula samaki inabaki.

Miaka sita nimekaa chumba na sebule hapa Köln, Ujerumani. Mikwaruzo ya dirishani ni ya kitanda, maana baridi ikianza nakivuta mbali na ukuta, la sivyo ukungu unapanda hadi kwenye mto. Ya katikati ni viti vya Jumapili: watu saba, sufuria moja ya pilau, ubishi wa Simba na Yanga, na hakuna anayenyanyua kiti akitaka kusogea. Lakini ule mkwaruzo mrefu wa mlangoni niliukuta. Niliukuta! Sina picha tu.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia kila wiki "kaka nifanyie mpango", anza na hili. Siku ya kupewa funguo piga picha kila ubao, kila kona, hata choo, na hakikisha kila mkwaruzo umeandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujasaini. Amana, ile hela ya dhamana unayoweka ukipanga, haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, ingawa wenye nyumba hawatakukumbusha. Kuchakaa kwa kawaida si deni lako. Jiunge na chama cha wapangaji mapema, si kama mimi niliyejiunga jana. Na nunua vile vitambaa vya kunata chini ya miguu ya viti. Bei ya soda.

Sasa ninachotaka kusema hasa ni nilichofanya usiku wa barua ile.

Mnaonifahamu mnajua mchana nasafisha ofisi, usiku nachora kwa penseli. Miaka miwili nyuma nilipanda treni hadi Brühl, robo saa tu kutoka hapa, kwenye makumbusho ya mchoraji Max Ernst, aliyezaliwa mji ule mwaka 1891. Sikwenda kwa mapenzi ya sanaa, mvua ilinichosha. Nikatoka pale na hamu, nikaazima maktaba kitabu chenye picha zake za Histoire naturelle, 34 kwa jumla, zilizotolewa 1926. Jani limesimama kama mti. Mishipa ya ubao imekuwa bahari. Kuna kiumbe kama samaki, jicho kubwa limemtoka, jina lake L'Évadé, yaani Mtoro. Nikasema mzee huyu alikuwa na subira ya ajabu, kila uzi kauchora kwa mkono!

Nikaja kusoma kwamba hakuuchora. Aliweka karatasi juu ya kitu akasugua penseli. Wafaransa wanaita frottage, neno kubwa, maana yake kusugua tu. Nilijisikia nimetapeliwa. Darasa la tatu nani hakufanya hivyo? Shilingi hamsini chini ya daftari, unasugua, faru na mwanawe wanajitokeza, mwalimu anakucharaza kwa kumaliza penseli.

Ila nilipojaribu ndipo nilipoheshimu. Sisi tulitaka faru atoke, akishatoka basi. Yeye alikodolea macho alama mpaka zikageuka kitu kingine, akachagua kipande hiki, akaacha kile, akaunganisha jani na ubao hadi hujui mwisho wa kimoja ni wapi. Subira ipo, imekaa machoni zaidi kuliko mkononi.

Mwenyewe alisimulia kwamba ilianza tarehe 10 Agosti 1925 huko Pornic, pwani ya Ufaransa, siku ya mvua, kwenye nyumba ya wageni. Akaishangaa sakafu ya mbao ambayo mifereji yake ilikuwa imezama kwa kusuguliwa mara elfu. Hapo niliweka kitabu chini. Nani aliyesugua mara elfu? Vitabu vinamtaja msanii, vinataja hoteli, vinataja hata mvua. Mtu wa deki hatajwi. Nusu ya kazi aliimaliza yeye, kwa magoti na brashi, kabla bwana mkubwa hajafungua sanduku lake. Na Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kwa wote wawili: yule alisugua, na huyu akasugua.

Simchukii Ernst, lakini. Alikuwa mtu wa kusumbuliwa na makaratasi kama sisi. Mwaka 1922 aliingia Ufaransa bila vibali, kwa pasipoti ya rafiki yake mshairi Paul Éluard. Vita vilipoanza 1939, Wafaransa walewale wakamfungia kambini Les Milles, kiwanda cha vigae, kwa kuwa ni Mjerumani. Mwaka 1941 akakimbilia Marekani. Jamani, yule samaki Mtoro alimchora kabla ya kambi na kabla ya kukimbilia Marekani.

Mwanzoni niliiga. Misitu, ndege, jicho. Nikampelekea mama mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi zamu ya alfajiri, akaigeuza karatasi huku na huku: "Iyi ndege ni ya wazungu. Yako iko wapi?" Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikatandika mkeka alionisukia mama yangu kwa ukili, nikasugua juu yake, na ule msuko ukatoka kama mashamba ya mkonge ukiyaona juu ya kilima. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia kadi ya posta. Sikujua kinachokosekana.

Basi usiku ule wa Jumanne nikasogeza kila kitu jikoni, nikalala kifudifudi na penseli 6B na karatasi nyembamba, nikaanza kusugua deni langu. Kitanda kilitoa ngalawa, tanga limelegea. Viti vya Jumapili vilitoa pweza, au mabishano, sijaamua. Chini ya alama zangu zikatoka nyingine laini, za kina, ambazo macho hayazioni, za watu waliokaa kabla yangu na waliowasafishia. Mkwaruzo wa mlangoni nimeusugua mara nne. Haujakubali kuwa kitu. Nimeuacha ulivyo, mstari mrefu kwenye karatasi tupu, na ndiyo picha ninayoipenda. Zote ni kumi na tisa. Chama cha wapangaji wamesema nakala niwapelekee, huenda zikafaa kama ushahidi; mara ya kwanza kazi yangu kutakiwa na taasisi ya Kijerumani.

Jana nimerudisha funguo. Dada yuleyule, tochi ileile. Akafika mlangoni, akapitisha kidole sakafuni, kikatoka cheusi. Vumbi la penseli. Akaniangalia, akafungua daftari, akaandika.