Visima vya Baba Zetu na Neno "Upagani"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno moja limenikaa kama mwiba wa samaki kooni: upagani. Limetamkwa na vijana wetu wenyewe, waliobatizwa na kupata kipaimara, kwamba siku ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, ni mambo ya kipagani. Wanasema pale banioni, mfongo unapochukua maji mtoni, wazee walichinja mbuzi na kuwataja waliokufa, kwa hiyo aliyeokoka hana la kufanya huko. Nakiri kwamba jibu halikunijia upesi. Ni kweli mbuzi walichinjwa, na ni kweli majina yalitajwa. Lakini mfongo umejaa matope, Kwaresima imeingia, na migomba inakunja majani hata kabla ya saa sita. Moyo ukanipeleka Mwanzo 26.

Habari ile mnaifahamu. Visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu vilikuwa vimefukiwa na Wafilisti. Isaka alivichimbua tena vile vile vya baba yake, akavirudishia majina yale yale aliyoviita baba yake. Kisha ndipo watumishi wake wakachimba vingine, na ugomvi ukaanza: Eseki, Sitna, hadi walipofika Rehobothi wakapata nafasi. Yeyote anayemwagilia kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, katika miteremko hii ya Kilimanjaro, iwe Machame, Kibosho, Old Moshi au Marangu, anajua maana ya sura hiyo bila kuelezwa. Kaya ya juu inachukua maji yote, ya mkiani inapata tope.

Mkishasoma hapo, someni Matendo 14. Pale Listra kuhani wa Zeu alileta ng'ombe na mataji ya maua ili awatolee mitume dhabihu. Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao. Lakini sikilizeni walichowaambia wapagani wale: Mungu hakujiacha bila ushuhuda kwao, aliwapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno. Dhabihu mitume waliikataa kabisa. Mvua na majira hawakuyakataa, waliyataja kuwa ushuhuda wa Mungu aliye hai. Basi mstari ndio huo, kijana wangu. Tambiko la banioni tumeliacha, na tukae tumeliacha. Lakini siku ya kazi ya pamoja, zamu ya maji, mwiko wa kukata mti wa chemchemi, kumsikiliza mzee wa mfongo: hivyo navyo tuliviacha kwa nini? Tumepepeta ulezi tukamwaga punje pamoja na makapi.

Na wala si wazo jipya katika kanisa letu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misioni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi hapa kwa vipindi hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviumba Mungu, na kwamba usharika ujengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Mtu anaweza kubishana naye kwa mengi. Kwa hili, mfongo wenyewe ni shahidi, maana hakuna kaya moja inayoweza kuutunza peke yake.

Tuseme sasa juu ya kazi, kwa kuwa imani bila matendo Yakobo ameshaimaliza.

Kwaresima yetu huangukia mwishoni mwa kiangazi kifupi, masika yakiwa mlangoni. Huo ndio wakati wa kuzibua. Mfongo uliojaa tope mwezi wa tatu hautabeba maji ya mvua ya mwezi wa nne. Yatafurika, yatakata kingo, na yatashuka na udongo wa shamba la mtu. Funga maji siku moja au mbili kabla ili tope likauke kidogo, kwa kuwa tope laini huteleza kwenye koleo na kurudi lilikotoka. Kila kaya ipimiwe kipande chake kwa hatua, na wa juu apimiwe sawa na wa mkiani. Tope litupwe upande wa bondeni na kushindiliwa, lijenge ukingo. Likitupwa upande wa mlimani, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani.

Hapa ndipo wengi wenye bidii wanapoharibu: wanachimba hadi chini ya sakafu ya zamani. Ukifika kwenye udongo mgumu uliokaa miaka mingi, simama. Ukishusha sakafu kila mwaka, mfongo unazama chini ya matoleo ya mashamba, yaani midomo ya kutolea maji, na maji hayapandi tena kuingia kihambani. Isitoshe, unavuruga mwinamo ambao wazee waliupata kwa kuyafuata maji yenyewe. Kwa mfereji wa udongo, mteremko wa sentimita 30 kwa kila mita 100 unatosha. Unapimwa kwa mpira mwangavu wa fundi ujenzi, wenye urefu wa mita 10 na uliojazwa maji bila mapovu, na tofauti kati ya ncha mbili iwe kama sentimita 3. Ikifika sentimita 10, maji yanakimbia na kuchimba sakafu. Ikiwa hakuna tofauti, maji yanalala, mchanga unatua, ukingo unapasuka.

Angalieni pia fuko. Ukiona ukingo wa chini una unyevu mahali ambapo hapajamwagiwa, kuna shimo lake ndani, na usiku mmoja mfongo utapasukia hapo. Dawa yake ni kufukua hadi uone njia ya mnyama, kisha kujaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani yaliyokatwakatwa, tabaka moja la unene wa kiganja kwa wakati, likikanyagwa kwa miguu kabla ya kuongeza jingine. Msizibe kwa matawi. Tawi huoza, na palipokuwa na tawi hubaki bomba. Juu ya ukingo pandeni masale, mmea ule wa majani marefu, au majani ya tembo, mizizi yake inashika.

Banio lenyewe lisizibe mto wote. La mawe, migomba na matawi huvuja, na kule kuvuja ni rehema kwa walio chini. La saruji ni zuri kama lina lango la kufunga wakati wa mafuriko na tundu la kutolea mchanga. Lisipokuwa navyo, gharika moja tu inaujaza mfongo mzima mchanga, na kazi ya Kwaresima yote imepotea. Ndiyo maana baada ya Pentekoste, mvua zikipungua na baridi ya kipupwe ikiingia, banio likaguliwe upya kabla ya umwagiliaji wa kiangazi. Na ambako maji ya usiku hayana mtu wa kuyatumia, pajengwe bwawa la kuyalaza, kama ndugu zetu Wapare wanavyofanya na ndiva. Maji yanayopotea usiku ndiyo yanayogombaniwa mchana.

Miti inafuata. Pasaka yetu mara nyingi huwa ndani ya masika, na sioni mahali pazuri zaidi pa kuhubiri ufufuo kuliko shimo la mche. Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla, upana na kina sentimita 45, udongo wa juu ukiwekwa kushoto na wa chini kulia. Subiri mvua ilowanishe ardhi kwa kina cha sentimita 30 hivi, wala usipande kwa manyunyu ya kwanza, maana yakikatika siku kumi mche umekufa. Rudisha kwanza udongo wa juu, uliochanganywa na samadi iliyooza. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Kila mwaka tunakuta miche iliyopandwa na viriba vyake, mizizi imejizungusha ndani kama kamba, na mwaka wa pili mti unaanguka wenyewe. Ukikuta mzizi umejikunja chini, ukate. Matandazo ya majani ya migomba yawekwe pande zote, yaache shubiri moja kutoka kwenye shina, yasije yakaozesha gome.

Kuzunguka chemchemi panda msesewe, ule ule ambao gome lake linaijua mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu ni mti unaopenda penye maji. Panda mringaringa na mizambarau mwitu kwa nafasi ya mita 5. Mkuyu upewe mita 8 hadi 10, na uwe mbali na ukingo wa mfongo maana mizizi yake inapasua. Mkuyu hauhitaji hata kitalu: kipande cha tawi chenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja na nusu, theluthi yake ikiwa ardhini, kinachipua kwenye udongo wenye unyevu. Mkaratusi uende mbali kabisa na chanzo cha maji. Ni mti wa kuni na nguzo, na unakunywa kuliko chemchemi inavyoweza kutoa.

Hapa sina budi kukemea, na mnivumilie kwa kuwa nawapenda.

Kuna mikuyu iliyokatwa kwa jina la Yesu. Imeombewa, imekemewa, imeitwa makao ya mapepo, kisha imeangushwa kwa msumeno na kuwa mkaa. Wapendwa, kama kulikuwa na pepo, pepo haliishi kwenye gome. Wazee waliuzunguka mti ule kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na makosa, lakini chemchemi chini yake ilikuwa hai. Sisi tumeondoa hofu, na katika nafasi yake hatukuweka upendo. Torati iliwakataza hata askari wanaozingira mji wa adui kukata miti yake ya matunda, Kumbukumbu 20:19. Mti unaotunza maji ya watoto wako una kosa gani?

Kuna wanaosimama Jumapili kuomba mvua, na shamba lao la nyanya limefika hadi kwenye jicho la chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto zisiguswe na shughuli za kudumu wala zinazoharibu. Pima kwa hatua, utajua ombi lako limesimama wapi. Kuna pampasi za watoto zinazotupwa mfongoni usiku, zikanasa kwenye matoleo ya jirani asubuhi. Kuna mpira wa nusu inchi uliofukiwa ardhini kuiba maji ya zamu ya mjane. Mwenye mpira huo anajijua, na Bwana anamjua. Autoe wiki hii, kabla ya Jumamosi.

Tusijifariji kwamba theluji itatunza mito. Kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya kileleni ilipungua kwa takriban asilimia 85, na bado siyo iliyokuwa ikilisha mito yetu kwa sehemu kubwa. Maji yetu ni ya msitu: mvua nyingi zaidi upande huu wa kusini huanguka kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na msitu ndio unaoishika na kuiachia polepole. Tuliona moto wa Oktoba 2020 na wa Oktoba 2022 huko juu. Anayewasha moto kurina asali anachoma maji ya watu walio chini hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ugomvi utakuja, maana hata Isaka alikutana nao. Ukija, usichukue panga. Chukua sale. Wazee wetu walijua kwamba anayekuja mlangoni na sale mkononi amekuja kuomba radhi, na kumfukuza ni aibu kubwa. Sioni dhambi yoyote katika jani hilo. Naona Mathayo 5:24 ikiwa imeota uani kwetu: patana kwanza na ndugu yako. Kama upatanisho umeshindikana, andikeni muhtasari wenye tarehe, majina na kipimo cha hatua, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira, kisha Jumuiya ya Watumia Maji, kisha ofisi ya Bonde la Pangani mjini Moshi. Hakikisheni mfongo wenu una kibali cha kutumia maji. Usio na kibali utapata kazi kujitetea siku mwekezaji wa juu atakapouziba.

Na ninyi mnaopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kila Desemba, nawasihi. Majilio ni wakati wa vuli, ardhi iko laini. Kabla ya kuchinja mbuzi wa Krismasi, pandeni miche mitatu kila mmoja, na mwachie fedha kijana wa nyumbani wa kuimwagilia Januari na Februari, maana miche ya Desemba hufa katika miezi hiyo miwili. Magari yasioshwe mfongoni.

Jumamosi hii tunakutana banioni saa moja asubuhi. Tutasoma Mwanzo 26:18-22, tutamshukuru Mungu kwa waliochimba mfongo huu, bila kuwaomba wao chochote, kisha tutashuka kipande kwa kipande. Kila kaya ilete koleo, panga, na debe moja la udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya mashimo ya fuko. Akina mama wa mtaa wa chini wameahidi uji wa ulezi. Mwenye mpira mwangavu wa mita 10 aje nao, na aukague kwanza kama haujatoboka.