Kaboni iliyosimamisha mashine namba 14

Jumanne usiku mashine namba 14 ya kufua umeme wa upepo ilijizima yenyewe, na upepo ulikuwa mzuri mno. Iliniuma, lakini usiku hatupandi. Skrini ilisema umeme unavuja upande wa rota ya jenereta, yaani sehemu yake inayozunguka. Nikajua kesho nitashinda nimepiga magoti nyuma kabisa ya naseli.

Naseli ni lile boksi lililo juu ya mnara, nyuma ya mapanga. Wapita njia huyatazama mapanga, na wengi wamewahi kuniuliza kama ndiyo yanayotoa umeme. Mimi moyo wangu uko ndani ya boksi. Mashine zetu ni za kilowati 850, za aina ileile iliyosimikwa Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ambako ziko 365.

Asubuhi upepo ulikuwa umelegea. Tukavaa mikanda, tukapanda ngazi ya mita 44, mimi mbele, kijana wa Moyale ninayefanya naye kazi nyuma yangu. Ukichomoza kichwa tu kwenye mlango wa sakafuni unapokewa na harufu ya oili ya giaboksi, bado ina uvuguvugu wa jana. Mnara unayumba kidogo kama mnazi. Tukafunga shafti kwa pini, tukazima swichi, kila mmoja akatia kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake. Hapo sina mzaha na mtu.

Giaboksi ndiyo pandikizi la mle ndani, inakaribia kuziba njia yote. Mapanga yanazunguka mara 26 kwa dakika yanapofanya kazi kamili. Giaboksi inazidisha karibu mara 62, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye jenereta inapita mizunguko 1,600. Kati yao kuna diski ya breki, kama ya gari ila nene. Chini ya miguu zipo mota zinazoigeuza naseli nzima ili iukabili upepo. Siku hiyo vyote hivyo vilikuwa vizima. Nilivipita.

Jenereta yetu haina sumaku za kudumu. Rota yake ina koili, na koili hizo lazima zilishwe umeme zikiwa zinazunguka. Konveta ndiyo inayoupima umeme huo na kuubadilisha kila mara, ili upepo ukipanda au ukishuka, kinachokwenda kwenye gridi kibaki hezi 50 zilezile. Sasa waya utaufungaje kwenye kitu kinachozunguka mara 1,600 kwa dakika? Huufungi. Unaweka pete kwenye shafti, na juu ya pete vinakaa vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Ni brashi zilezile zilizo ndani ya grainda ya mchomelea vyuma yeyote, ila hizi ni kubwa.

Marehemu baba alikuwa na karakana Malindi, akisuka mota zilizoungua. Mtu akileta mota iliyokata moto, kitu cha kwanza baba alichotazama ni kaboni. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika tochi.

Nilipofungua kifuniko, vumbi jeusi lilikuwa limelala kila mahali, laini kama masizi ya sufuria. Brashi moja ilikuwa imelika hadi springi haiifikii tena. Imekuwa ikirukaruka na kupiga cheche, na pete yake ina kovu la rangi ya kahawia. Kaboni hupitisha umeme, na vumbi lake pia. Likijaa, linajenga njia kutoka kwenye pete hadi kwenye bodi ya chuma, umeme unavuja, mashine inajizima. Ilifanya sawasawa kujizima.

Tulifyonza vumbi, tukafuta pete na vishikio kimoja kimoja. Brashi mpya huzichomeki tu ukaondoka. Uso wake ni bapa na pete ni duara, kwa hiyo unazungushia pete ukanda wa msasa na kuusugua chini ya brashi hadi uso wake uchukue mviringo. Zilikula zaidi ya saa moja. Kijana akaniuliza, "Dada, si zitajilainisha zenyewe?" Zitajilainisha, ndiyo, lakini kwa cheche, na pete itakula kovu jingine. Nikamwonyesha pia ile brashi ndogo ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, mwishoni mwa shafti, ambayo wengi huisahau. Ikifa hiyo, umeme unatafuta njia kupitia beringi na kuzichimba mistari.

Kabla ya kusafisha, kipimo cha ukinzani, ambacho kikiwa juu umeme hauvuji, kilikuwa chini ya megaomu moja. Baada ya kusafisha kilipita 50. Saa tisa alasiri mapanga yakaanza kuzunguka.

Brashi iliyolika nilishuka nayo mfukoni. Nimeanza daftari la urefu wa kila brashi, mashine kwa mashine, na leo asubuhi kijana ameniomba kalamu aandike namba 15 mwenyewe.