Siku niliyolilazimisha bawa la refleksi likunjike

Wale mnaoruka na paramota, yaani bawa la kitambaa juu na mota mgongoni, mtakuwa mmeshaisikia hii kauli, bawa la refleksi, lile lenye ukingo wa nyuma uliopinda kwenda juu, halikunjiki. Unamkuta mtu anakwambia fungua trima zote, ile mikanda inayorefusha kamba za nyuma ili bawa liende kasi, kanyaga spidi baa, ile fimbo ya miguuni ya kuongeza kasi, mpaka mwisho, hewa ikianza kurusharusha we tulia tu bawa litajijua lenyewe. Mi nilikuwa naruka na bawa la aina hiyo na kwa kweli lilikuwa linapita kwenye hewa mbovu vizuri sana, mpaka nikawa naona wenzangu wenye mabawa ya kawaida wanahangaika na breki wakati mi nimekaa kimya. Lakini swali lilikuwa halinitoki kichwani, hivi siku likishindwa linashindwaje? Hakuna aliyekuwa ananijibu vizuri. Kwa hiyo niliposikia kuna mwalimu anaendesha ile kozi ya kuigiza hatari juu ya maji, wenyewe wanaiita SIV, na anapokea watu wa paramota waje na mabawa yao wenyewe, nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Mota tuliziacha nchi kavu. Kuingia majini na mashine ya zaidi ya kilo 20 imefungwa mgongoni ni moja ya vitu vinavyoua watu kwenye huu mchezo, kwa hiyo tulikuwa tunavutwa juu na boti yenye winchi, umevaa jaketi la kuelea, parachuti ya akiba iko tayari, na boti ya uokoaji injini inawaka muda wote. Ila mwalimu hakukubali nipande mwepesi. Alinifungia mifuko ya maji kwenye kiti mpaka uzito ukafika karibu na ule ninaoruka nao nikiwa na mota, akasema ukilijaribu bawa la refleksi likiwa na mzigo mdogo utakuwa umejaribu bawa lingine kabisa, maana mzigo ndo unaolikaza, ukiwa mwepesi linalegea.

Kabla sijavaa alinikalisha pembeni ya bawa likiwa limetandazwa kwenye nyasi, akaunyanyua ukingo wa nyuma kwa vidole viwili, kidogo tu, ukapinda kwenda juu. Akasema refleksi ni hii hapa, basi. Kwenye bawa la kawaida hewa ikishuka ghafla ikalipiga kutokea juu, pembe ambayo bawa linakutana na upepo inapungua, na ikipungua ile sehemu ambapo nguvu ya kunyanyua imekusanyika inarudi nyuma, pua inazidi kuinama, ikizidi sana ukingo wa mbele unajikunja kwenda chini. Ukishaupinda ukingo wa nyuma kwenda juu inakuwa kinyume, pembe ikipungua nguvu inasogea mbele, pua inanyanyuka yenyewe, na bawa linarudi mahali pake kabla we hujafanya chochote. Wala si ujanja mpya, ndege zisizo na mkia zilikuwa zinautumia zamani sana, Mfaransa Charles Fauvel alikuwa na glaida yake, yaani ndege isiyo na injini, AV.36 ikiruka 1951 bila mkia wa nyuma, na huku kwetu kwenye paramota aliyelipigania sana hili wazo ni Mwingereza Mike Campbell-Jones wa kampuni ya Paramania, Dudek wa Poland nao wakaja na ya kwao, na leo kampuni nyingi zinazotengeneza mabawa ya paramota zina la refleksi.

Alafu akanishikisha breki nikiwa palepale chini. Ukivuta breki unaushusha ukingo wa nyuma, si ndiyo? Sasa kama usalama wote wa bawa likiwa kasi unatokana na ukingo kuwa juu, we ukiushusha kwa breki umeubomoa kwa mkono wako. Ndo maana trima zikiwa wazi hutumii breki kubwa, unatumia vile vishikio vidogo vinavyovuta ncha za bawa peke yake. Hili mi nilikuwa nimelisoma kwenye maelekezo ya bawa langu, lakini kumuona mtu anaushika ule ukingo na kuupeleka juu na chini mbele ya macho yako ni kitu kingine, pale ndo niliielewa kweli.

Basi nikavutwa hadi mita 600 na kitu, nikajiachia kwenye kamba ya boti.

Zoezi la kwanza trima zimefungwa, bawa likiwa polepole. GPS inasoma kama kilomita 38 kwa saa hivi. Mwalimu kwenye redio: "Haya kaka, A ya kushoto, vuta kwa nguvu moja, achia." Nikavuta, raiza, yaani mkanda unaoshika zile kamba za mbele zinazoitwa A, ikashuka bila shida sana, karibu nusu ya bawa upande wa kushoto ikakunjika ikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Bawa likaanza kugeukia kushoto taratibu, nikaegemea kulia, na kabla sijamaliza kufikiria kuhusu breki ule upande ukajaa hewa ukafunguka. Hakuna cha kuogopesha pale, na ndivyo inavyotakiwa iwe, maana trima zikifungwa refleksi inakuwa imeondoka sehemu kubwa na bawa linafanya kama bawa lingine lolote la kawaida.

La pili ndo lililonipeleka kule.

Trima wazi zote mbili. Nilizibana pamoja nikaziachia kwa wakati mmoja, sauti ya upepo ikabadilika masikioni, GPS ikapanda mpaka 50 ikatulia hapo. Bawa likawa gumu. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajaruka, ila kwenye raiza unaisikia kabisa, za mbele zimekaza kama nyaya na za nyuma zimelegea unaweza kuzitikisa kwa kidole, kwa sababu mzigo karibu wote umehamia kwenye kamba za mbele, za A na za B zinazofuata nyuma yake. Mwalimu akasema vuta. Nikavuta kwa mkono mmoja, haisogei. Nikavuta tena, inashuka kidogo inarudi. Akasema "Mikono miwili kaka, jining'inize!" Nikaishika ile A ya kushoto kwa mikono yote miwili nikajitundika kwa uzito wa mwili, na bado kwa sekunde nzima bawa likakataa, na nakiri nilifurahi pale, nikasema kumbe ni kweli halikunjiki.

Likakunjika.

Na halikukunjika kama lile la kwanza. Lilienda lote kwa mpigo, zaidi ya nusu, kamba za kushoto zikalegea zote na mi nikadondokea upande huo, alafu ule upande uliobaki ukachapa mbele na kuzunguka, nikawa naliona bawa mbele yangu badala ya juu yangu, na ziwa limesimama wima pembeni. Redioni sauti imetulia kabisa: "Kulia, egemea kulia, mikono juu, iache, iache." Nikaegemea kulia kwa nguvu zangu zote, mikono nimeibana kwenye raiza isije ikashika breki. Bawa likafunguka kwa kishindo, pa, likarudi juu ya kichwa na kuendelea kuruka kasi ileile kana kwamba halijafanya kitu. Nilikuwa nimegeuka nimetazama kule nilikotoka. Kwenye altimeta zilikuwa zimeondoka kama mita 70.

Mita 70! Yaani watu wengi wa paramota wakitaka raha ya kupita chinichini juu ya mashamba wanaruka mita 20, mita 30, trima wazi, kwa sababu ndo kasi inapokuwa tamu. Nilikaa na hiyo hesabu njia nzima ya kushuka.

Tulipokuwa tumekaa ufukweni kila mtu anakausha vitu vyake, mmoja wetu akauliza sasa kipi ni salama, refleksi au la kawaida, na mwalimu hakutaka kujibu kwa neno moja. Alisema la refleksi linavumilia mengi sana kabla ya kukunjika na hilo ni kweli, mmeliona mpaka mtu amejitundika, lakini nguvu iliyokuwa inalishikilia wazi ndo hiyohiyo inayolirusha likishindwa, na likiwa kasi kila kitu kinatokea haraka. Akasema pia tuangalie cheti vizuri. Mabawa mengi ya namna hii yanapelekwa kwenye vipimo vya usalama vya Ulaya, EN 926-2, vile vya madaraja A mpaka D, trima zikiwa zimefungwa, kwa hiyo ile herufi unayojivunia inaelezea bawa likiwa polepole, haisemi chochote kuhusu ulivyokuwa unaruka jana umefungua kila kitu.

Na gharama yake ipo, mimi hili huwa nalisema kwa kila anayeniuliza anunue lipi. Ile theluthi ya nyuma isiyobeba mzigo bado inaburuza hewa, kwa hiyo trima zikiwa wazi unashuka haraka ukizima mota, na ukiiwasha inakula mafuta zaidi kwa kila saa. Anayetaka kuelea jioni taratibu hana sababu ya kulipia refleksi. Anayetaka kusafiri kilomita nyingi dhidi ya upepo, hapo ndo kazi yake.

Kabla hatujafunga mwalimu akaniita, akaniuliza kama bawa langu linachelewa kupanda juu ya kichwa wakati wa kuanza kuruka siku hizi. Nikasema ndiyo, nilidhani ni mimi. Akaniambia kwenye refleksi kamba za mbele zinabeba mzigo muda wote zinanyooka, za nyuma hazibebi kitu zinasinyaa, taratibu bawa linabadilika umbo linakuwa zito kupanda na kwenye polepole linakaribia kupoteza nguvu ya kunyanyua mapema kuliko unavyodhani. Nikalipeleka kupimwa. Za nyuma zilikuwa zimesinyaa sentimita mbili na kidogo, zikarekebishwa, na mara ya kwanza nilipolinyanyua baada ya pale lilipanda juu ya kichwa hata sijamaliza hatua ya tatu.