Mwaka wa Joto Bondeni Mosel

Nimezaliwa Dodoma, kwa hiyo zabibu nilizijua kabla sijafika Ujerumani. Kwetu mkulima huuamsha mzabibu kwa kupogolea, na kwa mwaka anavuna mara mbili. Huku bonde la Mosel, ninakofanya vibarua vya msimu, mavuno ni mara moja tu na anayepanga tarehe ni jua.

Kwa kawaida mizabibu huchipua Aprili, maua hutoka Juni, na Riesling, zabibu nyeupe za mvinyo, huvunwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Joto likizidi, kila kitu kinawahi. Mwaka 2018 kuna sehemu za Ujerumani walianza kukata vichala mapema Agosti! Wengi husema hiyo ni neema, nami sikatai, maana wazee wa hapa wanakumbuka miaka ambayo zabibu ziligoma kuiva. Ila joto linaongeza sukari haraka huku likipunguza uchachu, hasa ile asidi iliyomo pia kwenye tufaha bichi. Usiku nao ukiwa wa joto, asidi hiyo huisha upesi zaidi. Na Riesling isiyo na uchachu, kwangu, haina ladha.

Ndiyo maana kabla ya kuvuna tunapita shambani kila mara. Unachuma punje, unakamua tone kwenye kioo cha refraktometa, unasoma sukari. Kisha unatafuna mbegu: ikiwa kijani na chungu, bado, ikiwa kahawia na inavunjika kama karanga, tayari. Mwaka wa joto kali sukari hufika, mbegu ikawa bado, na hapo mwenye shamba hapati usingizi.

Hata majani siku hizi tunayaangalia kwa jicho jingine. Zamani yalinyofolewa karibu na vichala ili jua liingie. Sasa upande wa jua la alasiri tunayaacha, kwa sababu punje zikiwa wazi huungua, zikageuka kahawia na kusinyaa. Na miteremko hii imejaa mawe ya sleti, yanayotunza joto hadi usiku.

Kinachoniuma zaidi ni mvinyo wa barafu. Zabibu zake huachwa mtini mpaka baridi ifike angalau nyuzi 7 chini ya sifuri, zikakamuliwa zikiwa zimeganda. Kwa zabibu za msimu wa 2019 baridi hiyo haikuja, na kwa mara ya kwanza Ujerumani nzima ikakosa mavuno hayo. Wapo wakulima ambao hawabahatishi tena. Vichala walivyokuwa wakiviachia barafu, sasa wanavikata pamoja na vingine.