Fimbo ya futi 10 imefika

Wadau wa uvuvi wa mtoni, fimbo niliyokuwa naisaka imefika Dar, na tangu asubuhi niko nayo barazani hapa Kigamboni. Futi 10, namba 3, yaani ya mshipi mwepesi. Kwa trauti, samaki wa maji baridi wa mito ya Mlima Kenya, urefu ndio kila kitu: unasogea karibu, unainua mkono, mshipi unabaki juu ya maji na mkondo hauuburuti, kwa hiyo mdudu wa bandia anazama hadi kule chini samaki wanakolisha. Ncha nilitaka laini. Trauti hugusa kidogo mno, na uzi wa mwisho unaofungwa mdudu ni mwembamba, ukivutwa kwa nguvu unakatika. Futi 11 nimeiacha, matawi ya miti ya kando ya mto yangenisumbua. Ukienda dukani funga rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kwenye fimbo kwanza, nyoosha mkono dakika kadhaa. Ikielemea mbele, iache hapo hapo.